Usalama wa Intaneti Inayopita Katika Nyaya za Umeme: Mambo ya Kuzingatia kwa Wakazi wa Simiyu

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 na makao makuu yake yapo Bariadi. Mkoa huo una wilaya tano, ambazo ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Kadiri umeme unavyozidi kuwafikia wananchi, ndivyo intaneti inavyozidi kuhitajika majumbani, madukani na katika ofisi za vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba. Njia mojawapo ya kuisambaza ndani ya jengo bila kuvuta waya mpya ni kutumia nyaya za umeme zilizokwishafungwa ukutani. Njia hiyo ni rahisi, lakini mtumiaji anapaswa kukumbuka kwamba waya wa umeme hauishii mlangoni kwake.

Teknolojia mbili tofauti

Wananchi wengi wamesikia kwamba intaneti hupita katika njia za umeme za TANESCO. Sehemu ya Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano hutumia nyaya zilizofungwa kwenye miundombinu ya umeme wa msongo mkubwa. Hata hivyo, ndani ya nyaya hizo taarifa husafiri kwa mwanga katika nyuzi za kioo, wala hazichanganyiki na umeme.

Teknolojia inayozungumziwa hapa ni nyingine. Adapta moja huchomekwa kwenye soketi na kuunganishwa na ruta, na ya pili huchomekwa katika chumba kingine. Umeme wa nyumbani hutembea kwa mzunguko wa hezi 50, ilhali adapta hizo huongeza juu yake mawimbi ya mamilioni ya hezi yanayobeba taarifa. Viwango vinavyotumika ni pamoja na HomePlug AV cha mwaka 2005 na IEEE 1901 kilichopitishwa mwaka 2010.

Hatari ilipo

Mita ya umeme haikuundwa kuzuia mawimbi hayo. Transfoma huyadhoofisha kwa kiasi kikubwa, lakini nyumba zinazopata umeme kutoka transfoma moja zinaweza kufikiwa na mawimbi ya jirani. Hali hiyo ni ya kuzingatiwa zaidi katika nyumba za kupanga, ambako vyumba vingi na fremu za maduka hutumia mita moja na nyaya zilezile. Soketi ya barazani nayo ni mlango: yeyote anayechomeka adapta hapo amefika kwenye waya wako.

Kinachomzuia asisome taarifa zako ni usimbaji, yaani kuzifunga taarifa kwa ufunguo wa siri. HomePlug AV hutumia usimbaji wa AES wenye ufunguo wa biti 128, ambao ni imara. Udhaifu hutokea pale mtumiaji anapoacha nenosiri la kiwandani. Katika kiwango hicho, nenosiri hilo ni jina la kiwango chenyewe na linajulikana duniani kote. Kufuli ni madhubuti, lakini ufunguo wake uko mikononi mwa kila mtu. Kwa wakala wa huduma za fedha au karani anayetunza kumbukumbu za malipo ya wakulima, uzembe huo unaweza kuwagharimu watu wengi.

Hatua za kuchukua

1. Badili nenosiri la kiwandani siku ya kwanza, kwa kutumia kitufe cha kuoanisha au programu ya kifaa, kama kijitabu chake kinavyoelekeza.
2. Rudia kuoanisha kila unapoongeza adapta mpya. Ukipoteza adapta au kuhama nyumba, weka ufunguo mpya.
3. Weka nenosiri imara kwenye ruta pia, kwani ufunguo wa adapta haulindi Wi-Fi.
4. Usiache adapta kwenye soketi za nje au sehemu za pamoja.
5. Nunua vifaa vilivyoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).
6. Chomoa vifaa wakati wa radi, na kazi ya nyaya umwachie fundi umeme mwenye leseni.

Sheria inasemaje

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini na kunasa mawasiliano ya mtu mwingine kinyume cha sheria. Kwa hiyo, kushirikiana waya na jirani si ruhusa ya kusoma taarifa zake. Vilevile, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaitaka taasisi inayokusanya taarifa za watu kuzilinda. Chama cha ushirika, zahanati au shule inayotumia teknolojia hii inawajibika kuhakikisha kwamba taarifa za wanachama, wagonjwa au wanafunzi haziko wazi kwa jirani.

Mwananchi anayebaini kuwa mtandao wake umeingiliwa anashauriwa kuchomoa adapta zote, kubadili maneno ya siri na kutoa taarifa katika kituo cha Polisi kilicho karibu.