Zimio la Kilio na Makosa ya "Kuzuia Pumzi"

Zimio la kilio ni hali ya mtoto mdogo kuacha kupumua ghafla, kwa kawaida akiwa analia, akabadilika rangi na pengine kupoteza fahamu kwa muda mfupi. Huwapata watoto wenye umri wa kati ya miezi 6 na miaka 6, hasa walio katika mwaka wa pili. Katika vijitabu vya afya hali hii huitwa "kushikilia pumzi", au "kuzuia pumzi" pale ambapo mfasiri amejitahidi kidogo zaidi. Majina yote mawili hayafai, wala hayakustahili kupita mbele ya kamati yoyote inayokijua Kiswahili.

Kuzuia ni kitendo cha makusudi. Mzamiaji anayefuata pweza chini ya mwamba huvuta hewa, akaibana kifuani, na akiona imetosha huibuka. Anayo pumzi, na anaizuia yeye mwenyewe. Mtoto hana kimojawapo kati ya hivyo viwili. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akinyang'anywa kijiko, hufumbua kinywa na kutoa ukelele mmoja mrefu unaokwenda ukififia mpaka hewa yote itoke. Ukelele wa pili hauji. Kinywa kimebaki wazi, ulimi unaonekana, kifua kimetulia, midomo inaanza kupiga weusi wa zambarau. Kisha shingo inalegea, na mara nyingine mgongo unakakamaa au mikono inarukaruka. Haya yote hutokea baada ya pumzi kutoka, kwa hiyo hakuna pumzi iliyozuiwa. Pumzi imekatika, na Kiswahili kinayo kauli ya kutendeka kwa mambo kama hayo: kukatika, kuzimika, kuvunjika, mambo yanayotokea bila kumtaja mtendaji.

Tofauti hiyo si ya kisarufi tu. Mzazi akiambiwa kwamba mwanawe "anazuia pumzi", atamwona mkaidi anayestahili kofi. Jina baya limekwisha kumhukumu mtoto kabla daktari hajamtazama.

Waswahili majumbani hawakungoja kamati. Husema "anazimia akilia", na ndani ya maneno hayo mawili mna sababu na matokeo. Zimia imetokana na zima, kitenzi cha moto na taa. Kama tukia ilivyozaa tukio, shambulia ikazaa shambulio na kusudia ikazaa kusudio, ndivyo zimia inavyozaa zimio, wingi mazimio, katika ngeli ile ile ya tukio na matukio. Neno limeundwa kwa kanuni ambayo kila mwenye lugha anaitumia bila kufundishwa. Kuzirai nako ni Kiswahili safi, lakini kitenzi hicho hakikubali kwa urahisi kuzaa nomino inayohesabika, na mganga anahitaji kuandika mara ngapi.

Pingamizi limetolewa kwamba mazimio yatachanganywa na maazimio. Mwenye kusema hivyo hajasikiliza irabu: maazimio huvutwa, mazimio hayavutwi, na hakuna sentensi ambamo kikao cha chama na mtoto aliyezimia vinaweza kushindania nafasi moja. Pingamizi jingine, kwamba neno linatisha kwa sababu moto uliozimwa umekwisha, linasahau kwamba Kiswahili kimetenganisha zamani kuzimia na kukata roho. Aliyezimia huzinduka.

Lugha nyingine zinaunga mkono njia hii. Wafaransa huita hali hii mkazo wa kwikwi, na Wahispania hufuata mkondo huo huo. Wajerumani hutaja mhemko. Kiingereza ndicho kilichong'ang'ania pumzi inayoshikwa, nacho ndicho kilichonakiliwa. Hata hivyo watafiti Lombroso na Lerman, walioeleza hali ya watoto 225 mwaka 1967, waliweka neno la kuzirai katika kichwa cha andiko lao, kando ya jina la mazoea.

Aina za mazimio ni mbili, na hapa watafsiri wamekosea tena kwa kunakili rangi: "la buluu" na "la kupauka". Majina ya kitabibu yaliyonakiliwa, lile la kwanza likitoka katika Kigiriki na la pili katika Kilatini, yalibuniwa kwa ngozi nyeupe. Mama wa Tanga au Bukavu akimtazama mwanawe shavuni akisubiri buluu hataiona. Anapaswa kutazama midomo, ulimi, ufizi na kucha. Ni afadhali kutaja chanzo. Zimio la kilio kwa maana yake finyu hufuata hasira au kuudhika. Zimio la mshtuko hufuata maumivu ya ghafla au hofu, kama kugonga kisogo: mtoto hulia kidogo au halii kabisa, neva ya vagasi hupunguza kasi ya moyo, naye hulegea, damu ikiwa imepungua usoni.

Jina hatari kuliko yote ni "degedege la hasira", ambalo limependekezwa na watu waliopaswa kujua zaidi. Degedege katika nyumba nyingi za pwani na bara limebeba imani yake na dawa zake, zikiwemo mafusho ya mavi ya tembo. Anayelitaja huagiza moshi kwa mtoto asiyepata hewa.

Kuhusu tiba ya nyumbani: mtoto alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu yake, asitikiswe, asitiwe kijiko wala maji kinywani. Kumpulizia usoni na kumnusisha kitunguu husifiwa kwa sababu mtoto huzinduka, lakini angezinduka vilevile, kwa kawaida kabla ya dakika kwisha. Akiamka abembelezwe, ila kijiko alichonyimwa asirudishiwe. Upungufu wa madini ya chuma huzidisha mazimio, kwa hiyo maini, dagaa na maharage vina kazi kubwa kuliko kitunguu, na chai isiandamane na chakula. Vidonge au dawa ya maji yenye chuma vitolewe baada ya damu kupimwa. Apelekwe hospitali mtoto aliyezimia kwa mara ya kwanza, aliye chini ya miezi 6, anayezimia bila kulia wala kuumia, au anayechelewa kuzinduka. Na mwenye zimio la mshtuko apimwe umeme wa moyo.

Matumizi kwenye kadi ya kliniki ni mepesi: "Umri miezi 18. Mazimio ya kilio, 3 kwa wiki. Himoglobini ipimwe."