Polisi Wawili na Hadhira Yao: Mvuto wa Filamu za Miaka ya Tisini

Makala haya yanachunguza kitendawili kimoja cha upokezi wa sanaa: kwa nini jamii iliyowaogopa polisi iliwapenda polisi wa filamu? Nchini Kenya, mikutano ya kudai mageuzi ilivunjwa kwa nguvu Julai 7, 1990 na tena Julai 7, 1997. Mtazamaji wa Karurumo, soko lililo kando ya barabara itokayo Embu kwenda Meru, alimjua polisi wa kizuizi cha barabarani kabla ya kumjua wa kwenye skrini.

Jibu limo katika muundo wa filamu zenyewe. Katika Lethal Weapon (1987), iliyoendelezwa mwaka 1989, 1992 na 1998, Murtaugh, mzee wa familia, anafungwa nira moja na Riggs, mjane asiyejali kufa. Katika Bad Boys (1995), Marcus mwenye mke na watoto analazimika kujifanya Mike, kapera tajiri. Rush Hour (1998) inamkutanisha Lee wa Hong Kong na Carter wa Los Angeles. Mgogoro unaosisimua zaidi si ule wa polisi na mhalifu, bali ni wa polisi na mwenzake. Polisi mmoja peke yake ni dola. Wakiwa wawili, wakisutana na kutaniana, wanakuwa watu. Mwenzi humwambia polisi yale ambayo raia hathubutu kumwambia.

Jozi za namna hii hazikuwa ngeni kwa msomaji wa Kiswahili. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Muhammed Said Abdulla alimwumba Bwana Msa pamoja na rafiki yake Najum. Hata hivyo, tofauti ni kubwa. Najum huuliza na kustaajabu, Msa hufafanua. Carter na Lee hubishana kama watu wa rika moja. Aidha, Msa ni raia anayefumbua fumbo kwa akili na kiko mkononi, ilhali jozi za Hollywood hufumbua kwa bastola.

Baadaye wasimuliaji wa video, kama Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya, walizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Msimuliaji wa aina hii huwa mwenzi wa tatu: naye huwatania mashujaa, na hadhira hucheka pamoja naye.

Kicheko hicho, hata hivyo, kina gharama. Mashujaa hawa huvunja milango bila hati ya mahakama na kupiga washukiwa, na hadhira hushangilia kwa sababu imekwisha kuwapenda. Utani unaomshusha polisi hadi kuwa mtu ndio huohuo unaomsamehe makosa ambayo, barabarani, mtazamaji yuleyule asingeyasamehe. Uhakiki wa filamu hizi hauna budi kuyapima yote mawili.