Ratiba ya matoleo ya DHIS2 na adabu ya kuripoti hitilafu

PROGRAMU huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Mfano ulio karibu na wakazi wa Bagamoyo ni DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, kwa kushirikiana na wataalamu wa nchi nyingi, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mfumo wa kwanza, DHIS, ulizaliwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulijaribiwa Tanzania katika wilaya chache, zikiwamo Bagamoyo na Kibaha. DHIS2 ilipokuja, Mkoa wa Pwani ulitangulia tena, na kufikia mwaka 2013 mfumo ulikuwa umeenea nchini.

Kazi yenyewe huanzia kwenye karatasi. Mwisho wa mwezi mhudumu wa zahanati hujumlisha vitabu vya MTUHA, na wiki ya kwanza ya mwezi unaofuata taarifa hufikishwa wilayani na kuingizwa katika mfumo. Ndiyo maana siku ya kubadili toleo si jambo dogo. Seva ikikwama wakati huo, chanjo walizopewa watoto wa Kerege au Fukayosi hazionekani wizarani, na mipango ya mwezi hufanywa kwa makisio.

Awali watengenezaji walitoa matoleo matatu hadi manne kwa mwaka. Kasi hiyo iliwafurahisha waandishi wa msimbo kuliko wasimamizi wa seva, ambao walikuwa hawajamaliza kufundisha wilaya toleo moja kabla jingine halijabisha hodi. Tangu toleo la 40 la mwaka 2023, utaratibu umekuwa toleo kubwa moja kwa mwaka, huku matoleo matatu ya karibuni yakiendelea kupata marekebisho.

Tarehe inapokaribia, vipengele vipya hufungiwa mlango, hata viwe vizuri namna gani, na kinachopokewa ni urekebishaji wa hitilafu tu. Huo ndio wakati wa mtumiaji kujaribu toleo la majaribio na kusema. Anayenyamaza hadi toleo litoke huenda akasubiri marekebisho yajayo.

Kusema nako kuna adabu yake. Ujumbe mmoja hubeba tatizo moja, wenye kichwa kinachoeleza tatizo lenyewe, si neno "msaada" pekee. Mwandishi hutaja namba ya toleo, hatua alizofuata, alichotarajia na alichokiona. Kwanza hutafuta kama swali lake limekwisha kujibiwa. Kuuliza kila asubuhi "itatoka lini" hakuharakishi kitu, kwani wanaojibu wana kazi nyingine.

Kosa lisilovumilika ni kuambatisha picha ya skrini yenye jina la mgonjwa. Ujumbe wa hadharani husomwa na watu wa mabara yote, na kuufuta baadaye hakurudishi nakala zilizokwisha kuenea. Wanaojua kazi hutumia takwimu za kubuni, na hujaribu toleo jipya kwenye seva ya pembeni kabla ya kuligusa lile linalotegemewa na wilaya.