Msomaji wa Barua: Jinsi Habari Zilivyofika Zegereni

Zamani barua ikifika kijijini kwetu Zegereni, mkoani Pwani, ilikuwa na wenyewe watatu: aliyeiandika, aliyeandikiwa na aliyeisoma. Huyo wa tatu ndiye aliyeshika usukani. Aliweza kuilainisha habari ya ugonjwa, kuliruka deni lisitajwe mbele ya wakwe, au kumwita mjomba pembeni kwanza ikiwa ndani kulikuwa na msiba. Nilianza kuwasomea wazee barua nikiwa darasa la nne, na mapema nikaelewa kwamba kusoma ilikuwa sehemu ndogo ya kazi. Kazi hasa ilikuwa kujua nani awepo barua inaposomwa, na nini kifanyike ikishakunjwa na kurudishwa kwenye bahasha.

Sasa nimestaafu ualimu. Mtandao unashika, mawakala wa pesa wapo, na vijana wanatembea na intaneti mfukoni. Nasikia watu wakisema kwamba yule mtu wa tatu amekwisha, kila mtu anajisomea mwenyewe. Mimi nakataa. Nikiipitia historia ya habari katika upande huu wa Pwani, Kibaha na Kisarawe, naona jambo moja likijirudia: chombo kilichotufaa kilikuja na mtu aliyefundishwa kukitumia kwa ajili ya wenzake, na chombo kilichokuja peke yake ama kilitupita, ama kilituumiza.

Cha kwanza kutupita kilikuwa waya. Mwaka 1879 waya wa simu za maandishi ulitandazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar. Mwaka 1890 ukavushwa kuja Bagamoyo na Dar es Salaam. Kisha Wajerumani wakajenga reli ya kati, na kati ya 1905 na 1907 njia ikatoka Dar es Salaam hadi Morogoro, ikipitia Pugu, Soga na Ruvu. Waya ulikwenda sambamba na reli. Ujumbe wa Berlin uliweza kuifikia pwani yetu siku ileile, lakini Mzaramo aliyekuwa akipalilia muhogo nyuma ya kituo hakuwa na lake humo. Waya ule ulibeba maneno ya serikali, ya wafanyabiashara na ya treni.

Habari zetu zilikwenda kwa miguu. Mtu akifariki, vijana wawili waliondoka usiku, mmoja kuelekea kwa ndugu wa upande wa mama, mwingine upande wa baba. Kwa Wazaramo mjomba ana neno kubwa, na msiba usiomsubiri huacha kidonda katika ukoo. Lakini sisi wengi ni Waislamu, na maiti hacheleweshwi. Kwa hiyo aliyekuwa Maneromango au Mzenga, huko Kisarawe, mara nyingi alifika kaburi limekwisha kufukiwa, na aliyekuwa Dar es Salaam alifika kwenye arobaini. Barua zilikuja kwa sanduku la posta la shule, na pesa zilikuja kwa bahasha aliyokabidhiwa kondakta wa basi. Kondakta mwaminifu alijulikana kwa jina kila kituo cha Barabara ya Morogoro.

Redio ndiyo iliyokuja na mtu wake, na hapa nasema niliyoyaona. Radio Tanzania Dar es Salaam ilitangaza vifo, na ilikuwa na kipindi cha Ugua Pole, ambamo waliolazwa hospitali walitumiwa salamu na jamaa zao. Mzee mgonjwa aliyesikia jina lake likitajwa hewani aliinua kichwa kitandani. Lakini jambo kubwa zaidi lilikuwa mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima haikuridhika na kupeleka sauti hewani. Ilifundisha viongozi wa vikundi wapatao 75,000 nchi nzima. Kila wiki, kwa wiki 12, watu walikusanyika kuizunguka redio, wakasikiliza, kiongozi akawasomea kijitabu, kisha wakajadili: maji ya kunywa yanatoka wapi, nani hana choo, mbu wanazaliana wapi. Walioshiriki walikadiriwa kufika milioni 2.

Nilikuwa mmoja wa viongozi hao, kijana mwenye kijitabu na betri za kuazima. Nakumbuka tulivyokaa chini ya mkorosho tukisikia sauti kutoka Dar es Salaam ikieleza juu ya safura, halafu redio ikazimwa, na bibi mmoja akauliza: "Sasa mwanangu, kwangu mimi mjane, hilo shimo la choo atalichimba nani?" Redio isingeweza kumjibu. Kikundi kilimjibu, kikagawana zamu, na shimo likachimbwa. Vyoo vilichimbwa hivyo nchi nzima, kwa sauti ya redio na mikono ya jirani.

Mwaka uliofuata nchi ikapata somo la upande wa pili. Serikali ilikuwa imenunua mitambo ya kompyuta kwa ajili ya hesabu zake, na wataalamu wa kuiendesha hawakutosha. Hesabu zikavurugika, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Katazo hilo lilidumu karibu miaka 20. Wapo wanaolisimulia kama kichekesho cha enzi za ujamaa. Mimi naliona kuwa ushahidi: mashine ilitangulia, mtu akachelewa, na taifa zima likalipa kwa miaka mingi.

Mlango ulipofunguka tena, madaktari walikuwa miongoni mwa waliotangulia kuingia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Muhimbili iliunganishwa na HealthNet, mtandao wa shirika la SatelLife lililoanzishwa na Bernard Lown, daktari wa moyo wa Marekani. Setilaiti ndogo ilipita angani mara chache kwa siku, ikashusha makala za tiba na kuchukua maswali ya madaktari wetu. Huko mijini neno intaneti likaanza kusikika. Zegereni bado tulikuwa tunampa kondakta bahasha.

Simu za mkononi zilianza nchini mwaka 1994 kwa Mobitel, na Vodacom ikaja mwaka 2000. Kwetu simu ya kitochi ya kwanza ilishika mtandao mahali pamoja tu, na watu walipanga foleni hapo jioni kama kisimani. Msiba ulikuwa wa kwanza kubadilika. Ndugu wa Kisarawe walianza kufika kabla ya mazishi. Mjomba akaanza kusubiriwa, kwa sababu sasa alijulikana yuko wapi na atafika saa ngapi. Wanaohesabu faida za simu kwa shilingi husahau hesabu hii, lakini katika ukoo wa Kizaramo ndiyo kubwa kuliko zote.

Aprili 2008 M-Pesa ikafika Tanzania, na mwaka 2009 waya mwingine wa baharini, wa SEACOM, ukatua Dar es Salaam, miaka 130 baada ya ule wa Zanzibar. Hapo ndipo watu wachache wenye akili walipokumbuka somo la mwaka 1973.

Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilikuwa inatibu fistula bure, lakini wanawake hawakuja. Nauli hawakuwa nayo, na aibu iliwafungia ndani. Mwaka 2009 hospitali ikaanza kutuma nauli kwa M-Pesa, tena haikumtumia mgonjwa, ambaye mara nyingi hakuwa na simu. Ilimtumia balozi wa hospitali aliyeko karibu na mgonjwa, naye akamtafuta mwanamke, akamtuliza, akamkatia tiketi na kumpandisha basi. Mgonjwa akishafika hospitali, balozi alipewa ahsante yake. Pesa ilisafiri kwa mtandao, lakini mwanamke alitoka ndani kwa sababu mtu alibisha hodi.

Mwaka huohuo wa 2009 mradi wa SMS for Life ulianza katika wilaya za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Kila Alhamisi mhudumu wa zahanati alipokea ujumbe wa kumkumbusha kuhesabu dawa za malaria. Akishahesabu, alijibu bila malipo na kuzawadiwa muda wa maongezi. Vituo vilikuwa 129. Wiki ya kwanza asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa. Wiki ya 21 vikabaki asilimia 26. Simu zilizotumika zilikuwa zilezile za kawaida. Kilichobadilika ni kwamba muuguzi aliulizwa, akajibu, na mganga mkuu wa wilaya akaona.

Tangu 2022 mpango wa m-mama umesambazwa mikoani. Mjamzito akizidiwa, hupigwa simu ya bure namba 115. Kama gari la wagonjwa haliko karibu, anatafutwa dereva wa kijamii aliyekwisha kusajiliwa, na nauli yake inalipwa kwa simu. Niliowahi kuwaona wakibeba mzazi kwa kitanda cha kamba usiku kucha wanajua thamani ya dereva huyo.

Sasa nitaje kilichokuja peke yake. Zegereni imetengwa kuwa eneo la viwanda, na vijana wanatoka mbali kutafuta vibarua. Kazi zinatangazwa kwenye makundi ya simu, na humohumo matapeli wanaomba "pesa ya fomu." Wazee nao hupokea ule ujumbe unaojulikana nchi nzima, unaosema ile hela itume kwenye namba hii. Mzee asiyesoma vizuri humpa kijana simu pamoja na namba ya siri, na hapo akiba ya korosho ya msimu mzima imo mikononi mwa yeyote. Uandikishaji wa laini kwa alama za vidole, ambapo laini zisizosajiliwa zilianza kufungwa Januari 2020, ulikusudiwa kuzuia wizi huo. Lakini vidole vilivyosuguliwa na jembe miaka 50 havisomeki upesi, na niliwashuhudia bibi zetu wakirudi nyumbani bila laini. Julai 2021 ikaja tozo ya miamala, hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Watu wakalalamika, ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwaka uleule, lakini katika miezi ile niliziona tena bahasha za kondakta.

Sayansi nayo imetufikia, kupitia muhogo. Ugonjwa wa michirizi kahawia ulielezwa kwa mara ya kwanza na H. H. Storey wa kituo cha Amani, Tanga, mwaka 1936. Ni ugonjwa wa hila. Shina linasimama, majani kwa mbali yanapendeza, na siku ya kuchimba unakuta mizizi imeoza ndani rangi ya kahawia. Wanasayansi wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA na wenzao wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania walipiga maelfu ya picha za majani ya mihogo katika mashamba ya majaribio ya Bagamoyo, mkoani mwetu humuhumu, wakaifundisha kompyuta kutofautisha batobato, michirizi na wadudu. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2017 yalionyesha kwamba mfumo wao bora ulipatia mara 93 katika kila 100. Humo ilizaliwa programu ya Nuru, inayosoma jani kwa kamera ya simu hata pasipo mtandao.

Najivunia kwamba majani ya Pwani yamefundisha mashine inayotumika hata nje ya Tanzania. Lakini simu ikishasema shamba lina michirizi, mkulima anabaki na swali la yule bibi wa mwaka 1973: sasa nifanye nini? Anahitaji pingili safi za mbegu inayovumilia, kama Kiroba, na bwana shamba au bibi shamba wa kumwambia azitoe wapi. Pasipo afisa ugani, jibu la Nuru ni habari ya msiba isiyo na wa kuzika.

Na kuuguza? Jirani yangu ana binti anayefanya kazi za ndani Muscat. Kila Ijumaa humwona mama yake kwenye kioo cha simu, humtumia pesa za dawa ya presha, na huuliza kama amekula. Mama huyo ana furaha ambayo bibi yangu hakuipata kwa wanawe waliokwenda mbali. Lakini anayemchotea maji, anayemshika mkono kwenda zahanati na anayemsomea maandishi kwenye pakiti ya dawa ni mke wa mjomba wa binti huyo, ambaye hakuna anayemtumia hata bando. Simu imemrudisha binti karibu, na imeificha kazi ya huyu anayeshinda naye.

Ndiyo maana naandika. Tarehe 31 Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kuwa na wahudumu 137,294 katika miaka mitano. Hao ndio viongozi wa vikundi wa zama hizi, ndio wasomaji wa barua. Walipwe kwa wakati, wapewe bando na betri bila kuombaomba, wafundishwe kumlinda mzee na matapeli kama wanavyofundishwa kupima malaria. Maafisa ugani waongezwe hivyohivyo. Na wewe msomaji, kama una mzazi kijijini unayemtumia pesa kwa simu, muulize leo ni nani anayemsomea ujumbe wako, umjue kwa jina, umshukuru, na ukiweza umlipe. Mnara bila mtu huyo hautatufaa zaidi ya ule waya wa mwaka 1907.