Mbiu ya Mgambo Mwilini

Msomaji mpenzi, bila shaka umewahi kuchomwa na mwiba mguuni. Baada ya muda ngozi iligeuka nyekundu, ikavimba, ikapata moto, nawe ukashindwa kukanyaga. Ishara hizi nne, yaani wekundu, uvimbe, joto na maumivu, ziliandikwa na Celsus wa Roma yapata miaka elfu mbili iliyopita. Lakini ni nani awaitaye walinzi wa mwili waje penye mwiba? Jibu lilikawia mpaka karne ya 20.

Katika mwaka wa 1975, Lloyd Old na wenzake mjini New York walieleza kwamba maji ya damu ya panya waliotiwa bakteria dhaifu, kisha sumu ya bakteria wengine, yalikuwa na kitu chenye nguvu ya kuua uvimbe wa saratani. Wakakiita kwa kifupi TNF. Katika mji uo huo, Anthony Cerami alishughulika na fumbo jingine. Sungura walioambukizwa vijidudu vya jamii ya wale waletao malale walikonda wakabaki mifupa, hali vijidudu vyenyewe mwilini mwao vilikuwa vichache. Basi ni nini kilichowala? Cerami alishuku kitu kitokacho katika mwili wenyewe, kikaitwa kakektini. Mwaka wa 1985 yeye na Bruce Beutler, pamoja na wenzao, walionyesha kwamba kakektini na TNF ni kitu kimoja. Wahenga hawakukosea: kikulacho ki nguoni mwako.

TNF hutolewa hasa na makrofaji, yaani chembe kubwa zilazo viini vya maradhi. Kazi yake ni kama ya mbiu ya mgambo. Ikilia, chembe nyingine huamka na kutoa wajumbe wao, mmojawapo akiwa intalukini-1, aletaye homa. Mjumbe huyo naye huwaamsha wengine. Adui akiisha kushindwa, mbiu hunyamaza. Isiponyamaza, walinzi huibomoa nyumba waliyowekwa kuilinda.

Ndivyo ilivyo katika ile baridi yabisi iharibuyo viungo. Kwa kuwa wajumbe ni wengi, wengi walidhani kwamba kumzuia mmoja hakutafaa kitu. Huko London, Fionula Brennan, Ravinder Maini, Marc Feldmann na wenzao walitwaa chembe kutoka katika viungo vya wagonjwa, wakaizuia TNF peke yake. Intalukini-1 nayo ikapungua! Habari hizo zilichapishwa mwaka wa 1989, na ikadhihirika kwamba TNF ndiyo iliyotangulia msafara. Mwaka wa 1992 wagonjwa wa kwanza wa baridi yabisi walipewa dawa ya kuizuia, na wengi wao wakapata nafuu kubwa.

Je, yafaa basi kuinyamazisha mbiu kabisa? La, hasha! Mwaka wa 2001 madaktari waliarifu kwamba baadhi ya wagonjwa waliotumia dawa ya namna hiyo walipatwa na kifua kikuu. Viini vyake vilikuwa vimelala, vimezingirwa na walinzi. Mbiu ilipozimwa, vikatoroka. Ndiyo sababu siku hizi mgonjwa hupimwa kifua kikuu kabla ya kuanza dawa hizo.

Basi, mwanafunzi, mwiba ukikuchoma tena, usiulaumu mguu kwa kuvimba. Walinzi wako wameitwa, nao wamekuja. Jambo la kuomba ni kwamba, kazi ikiisha, wajue pia kurudi makwao.