Feni ya rejeta kwa lori kongwe: ya umeme ina masharti

Na Mwandishi Wetu, Singida

LORI kongwe, Bedford kwa mfano, likitoka Mgori na shehena ya alizeti hutambaa kwa gia nzito kwenye vumbi. Kwa mwendo huo upepo wa safari hausaidii. Feni ndiyo inayovuta hewa kupitia rejeta. Isitoshe, Singida iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi huondoa joto kidogo kuliko ya pwani.

Feni ya umeme huvutia kwa kuwa haichukui nguvu ya injini moja kwa moja. Lakini dinamo nyingi za magari hayo hutoa ampea zipatazo 20 hadi 25, ilhali feni kubwa yaweza kuvuta 20 peke yake. Taa zikiwashwa usiku, betri huisha. Pasipo altaneta kubwa, heri feni ya mkanda.

Kipenyo chake kikaribie upana wa rejeta, na mapanga yaingie nusu ndani ya kava. Kava hilo hutupwa ovyo gereji, jambo la kusikitisha, kwani bila hilo feni huzungusha hewa ileile ya moto. Panga lenye ufa lisichomelewe: likikatika huchana rejeta, au mtu aliyeinamia injini.