Wawili kwa kibodi moja: Jaribio hutangulia, programu hufuata

MKULIMA wa mahindi wa Moiben, Kaunti ya Uasin Gishu, anajua kwamba Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao (NCPB) hutaka mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kanuni hiyo ni fupi, lakini anayeiandika kwa lugha ya tarakilishi anaweza kuikosea kwa alama moja tu.

Programu ikiagizwa kupokea mahindi yaliyo “chini ya” asilimia 13.5, badala ya “yasiyozidi” kiwango hicho, mkulima aliyefikisha 13.5 kamili atarudishwa na magunia yake ilhali hana kosa.

Dosari za aina hii ndizo zinazolengwa na mtindo wa kuunda programu unaounganisha mambo mawili: watu wawili kuandika pamoja, na jaribio kuandikwa kabla ya programu yenyewe.

Waundaji wawili huketi mbele ya skrini moja na kupokezana kibodi. Mmoja huandika huku mwenzake akifuatilia kila mstari, akiuliza na kusahihisha.

Kazi huanza kwa jaribio, yaani maagizo mafupi yanayotaja jibu linalotarajiwa. Katika mfano wa mahindi, wa kwanza huandika: unyevu 13.5, gunia lipokewe. Jaribio huendeshwa na kushindwa, kwa kuwa programu bado haipo. Kushindwa huko si hasara, kwani huthibitisha kwamba jaribio linapima kitu.

Kisha wa pili hushika kibodi na kuandika maagizo machache yanayotosha kulifaulisha. Likifaulu, wawili hao hunyoosha maandishi yao bila kubadilisha kazi yake. Baadaye wa pili huandika jaribio jipya, mathalani unyevu 13.6, gunia likaanikwe, na kumwachia mwenzake alitimize.

Mbinu hizi zilipata umaarufu kupitia kwa Mmarekani Kent Beck, aliyezitumia katika mradi wa mishahara wa kampuni ya magari ya Chrysler kuanzia 1996 na kuzieleza katika kitabu alichochapisha 1999.

Kila mbinu ina upungufu ikiwa peke yake. Jaribio la mtu mmoja hubeba kosa lake: aliyeielewa vibaya kanuni ya unyevu ataikosea katika jaribio na katika programu, na yote mawili yatakubaliana. Nao wawili wasio na jaribio wanaweza kuelewana leo, lakini hawaachi chochote cha kumzuia atakayeibadilisha programu mwaka ujao.

Hata hivyo, mtindo huu una gharama. Utafiti uliochapishwa 2000 na Alistair Cockburn na Laurie Williams, uliotokana na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Utah, ulionyesha kwamba waliofanya kazi wawili wawili walitumia jumla ya muda uliozidi kwa takriban asilimia 15, ila dosari zao zilipungua kwa kiwango kama hicho.

Mjini Eldoret, umuhimu wa kupima programu unaonekana katika sekta ya afya. Mfumo wa rekodi za wagonjwa wa OpenMRS, ulioasisiwa 2004, ulianza kutumika huko Februari 2006 katika mpango wa AMPATH, unaoshirikisha Chuo Kikuu cha Moi na hospitali yake ya rufaa. Hapo hesabu iliyokosewa haimhusu mwenye magunia, bali mgonjwa.

Waundaji wa OpenMRS wametawanyika katika nchi nyingi, hivyo si rahisi waketi meza moja. Badala yake, mabadiliko hukaguliwa na mtu mwingine kabla ya kukubaliwa, na wachangiaji hutakiwa kuyaambatanisha na majaribio. Njia ni tofauti, lakini nguzo ni zile zile: jicho la pili na jaribio linalobaki.

Kwa wanafunzi wa vyuo vya eneo hilo, tahadhari moja inafaa. Wawili kutumia tarakilishi moja kwa sababu ya uhaba si mtindo huu, iwapo mmoja huandika na mwingine hutazama tu. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini hata viwili havimvunji visipokutana.